Kilio cha Siku ya Saba

Bethwel arap Sigei,
S.L.P. 47,
Litein.

Tarehe 9 Novemba, 1995.

Kwa mpwa wangu Aron, ambaye huko Kisauni wanakuita Harun,

Mpendwa Aron. Nimeandika "mpendwa" kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba barua haisimami bila neno hilo, na mimi nilisoma mpaka darasa la sita kabla mwalimu hajaona kwamba nimemaliza yote aliyokuwa nayo. Usilitie sana maanani.

Hujambo wewe? Mke wako Mwanakombo hajambo? Mtoto naye? Joto la huko linawaacha mkipumua? Sisi huku ni wazima. Goti langu la kushoto linauma mvua ikikaribia, na kwa vile hapa mvua inakaribia kila siku baada ya chakula cha mchana, basi linauma kila siku. Yule ng'ombe wa pembe moja amezaa ndama jike. Majani chai yamejaa shambani, na mimi bado nachuma kuliko vijana wawili waliounganishwa. Mke wangu Gesare ni shahidi, ingawa ukimwuliza atacheka tu.

Salamu zimekwisha. Sasa tugombane.

Nianze na ile simu yako. Wewe unajua kwamba sisi watu wa shamba hatuna simu, na kwamba ukitaka kuongea na mimi unapiga kwa hoteli ya Ondieki pale Litein, halafu Ondieki anamtuma mtu aniite. Ukachagua kupiga siku ya soko. Hoteli imejaa mpaka watu wanakunywa chai wamesimama. Na laini yenyewe inanguruma kama lori la majani likipanda kilima cha Kapkatet. Wewe huko unaniongelesha polepole kama mtu aliyejificha chini ya kitanda. Mimi ningesikiaje? Ilinibidi nirudie kila neno ili nijue nimelipata.

Ulipotaja tohara ya mwanao nikauliza, "Amekatwa tayari?" Watu wawili wakageuka. Nikauliza, "Siku ya saba? Siku ya saba ya nini, ya kuzaliwa?" Meza ya karibu ikanyamaza. Ndipo nikakuuliza lile ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza, kama alilia. Wewe ukacheka. Ukasema, "Mjomba, mtoto mchanga atakosaje kulia?" Na mimi nikarudia kwa sauti hii yangu, ambayo upepo ukiwa mzuri inafika Kapkatet bila nauli, "Alilia."

Nilipoweka simu chini, hoteli nzima ilikuwa imeacha kutafuna. Ondieki akaniletea chai ambayo sikuitisha.

Halafu wewe ulikuwa umeniambia iwe siri. Mimi siri yako niliitunza. Sikumwambia mtu hata mmoja. Hao walisikia wenyewe.

Labda kukaa baharini kumekuosha kichwa, kwa hiyo acha nikukumbushe kilio ni kitu gani kwetu. Mwaka wangu mimi, baridi ilikuwa ya kuua nyuki. Nilisimama mbele ya kisu nikitazama kilima cha ng'ambo, sikupepesa macho, mpaka ndege mdogo akatua begani mwangu, akachungulia sikio langu, akaenda akarudi na unyasi wa kujengea. Yule mzee wa kisu akauliza kama wamemletea mtu au nguzo. Jonah wa rika langu alikuwepo na aliona, ingawa siku hizi akili yake imechoka na anasema hapakuwa na ndege yeyote. Wewe mwenyewe ulisimama vizuri. Nilikuwa nyuma yako. Mimi ndiye niliyetoa ruhusa uingie, kwa sababu mtoto wa kwetu haendi kisuni mpaka mjomba wake aseme ndiyo, na mimi nilisema ndiyo na kuongeza dume la kondoo.

Na yule anayelia? Unajua. Mzee mzima mwenye mvi anafungua mdomo kwenye baraza, na mtoto wa juzi anamwambia akae chini. Wa rika lake hawanywi naye. Wasichana wanatunga wimbo. Hilo jina halizeeki. Sasa wewe, miaka kumi na mitatu iliyopita, ukampeleka mwanao kwa kisu akiwa bado hajui hata kushika titi sawasawa, akalia kama wanavyolia watoto wachanga wa dunia yote, na ukafikiri kwamba hapa hakuna atakayehesabu. Wamehesabu, Aron. Walianza kuhesabu kabla sijamaliza chai ya Ondieki.

Unataka kujua mama yako alipata habari vipi? Hakuipata kutoka kwangu. Nilikuwa bado natafuta maneno mazuri, na mimi nikitafuta maneno mazuri huwa nachukua muda, kwa sababu ninayo mengi. Jumatatu akaenda kwenye kituo cha kuuzia majani na kikapu chake kama kawaida. Lori lilichelewa, wanawake wamekaa kwenye foleni wanapiga hadithi, na Mama Winny, yule jirani yetu wa ng'ambo ya mto ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema akitazama juu kama mtu anayetafuta mvua, "Afadhali mjukuu wa Kiptum. Yeye alimaliza kulia mapema."

Wanawake wakacheka. Mama yako alisikia jina la marehemu baba yako, lakini hakuelewa. Akauliza ni mjukuu gani huyo aliyelia. Wakamweleza, mmoja akianza na mwingine akimalizia, hapo hapo kwenye foleni, na karani wa mizani akisikiliza.

Dada yangu ni mtu wa kanisa. Ndiye mweka hazina wa akina mama. Anaimba sauti ya kwanza. Basi aliinuka, akachukua kikapu cha Mama Winny, akamwaga majani yote kwenye matope, akayakanyaga kwa miguu miwili, polepole, kama mtu anayekanyaga udongo wa kukandika nyumba. Halafu akarudi nyumbani na kikapu chake bila kupima. Siku mbili hakutoka. Gesare alipompelekea uji, alimkuta amekaa kitako jikoni mbele ya vibuyu vya maziwa.

Na hivyo vibuyu ndivyo ninavyotaka uvisikie vizuri. Tangu mwezi wa nane anatengeneza mursik, maziwa ya mgando, kwa ajili ya Desemba. Amevisafisha vile vibuyu, amevipaka mkaa ndani, amevipanga kwa ukubwa. Amefuga dume la kondoo mpaka haliwezi kupita mlangoni. Ametangaza kanisani, ametangaza sokoni, amewaambia mpaka watu wa Mulot wanaomletea mahindi, kwamba mtoto wa Aron anakuja kuingia menjo, kibanda cha jando, pamoja na mwanangu wa mwisho Kibet na vijana wengine wa hapa. Mjukuu aliyepewa jina la marehemu mume wake. Huko mnamwita Salim, sawa, mwiteni. Kwetu alipewa jina Kiptum kwa wimbo, na bibi yake alikuwa amesafiri siku nzima kwa basi kuja huko kwenu kumwita hilo jina. Ulimruhusu amwite. Hukumwambia kwamba kisu kilikuwa kimeshapita. Alimbeba mtoto mwenye kidonda bado kibichi na hamkufungua mdomo, wewe na mke wako. Miaka kumi na mitatu mmemtazama akingoja.

Ungemwambia basi, hata miaka mitano iliyopita. Angekasirika, angepika, angekula, angelala.

Sasa nije kwenye yale uliyoniambia kwa simu mwishoni, ambayo hayo sikuyarudia kwa sauti kwa sababu hata mimi nina aibu. Ulisema dunia imeendelea. Ulisema kulaza watoto kwenye kibanda msituni mwezi mzima ni mambo ya ujinga, ya watu ambao hawajapata nuru.

Wewe unanifundisha mimi maendeleo? Mimi nina televisheni ya betri. Watu wanatoka mpaka chini ya kiwanda kuja kutazama taarifa ya habari kwangu, na wakati picha inacheza, mimi ndiye ninayejua ni upande gani wa kuipiga. Nimeona vita, nimeona mpira, nimeona mtu mweupe akitembea angani bila kamba. Wanangu wote wakubwa walikatwa na daktari kwa sindano ya ganzi, na kisu cha kunolewa kwenye jiwe hakuna anayekitumia hapa tena. Sisi tuliendelea kimya kimya bila kumtukana mtu.

Na usiende kuwaambia watu wa Kisauni kwamba mjomba wako ana vita na dini yako. Sina. Mimi mwenyewe nimeoa Mkisii, na baba yangu alisusia chakula kwa wiki, halafu njaa ikamshinda. Waislamu nimewajua kabla wewe hujazaliwa. Mzee Farajala, Mnubi wa bucha, yuko hapo mlango wa pili kutoka kwa Ondieki, na nyama yote inayoliwa Litein amechinja yeye. Ulipokuja mwaka juzi ukamwuliza Gesare mbele ya wageni kama nyama ni halali. Nyama ile ilitoka kwa Farajala. Yule mzee alikuwa Mwislamu wakati baba yako hajui Mombasa iko upande gani. Mama yako akakupa maziwa, ukanusa kibuyu, ukauliza kama kuna damu ndani, kama daktari wa mifugo. Ukala mikate yako ya mfukoni. Nani alikufundisha hivyo? Si Farajala. Farajala akija kwangu anakunywa mursik mpaka masharubu yanakuwa meupe, anaomba maji ya kunawa, anaswali nyuma ya ghala langu la mahindi, anarudi tunaendelea na hadithi. Baba yako alipokufa, Farajala alishika koleo. Wewe mwana wa marehemu ulisimama nje ya ua na mikono nyuma kama mtu wa bima.

Nilimwendea Farajala kumlalamikia. Nikamwambia huo usasa mpwa wangu anaojivunia una miaka zaidi ya elfu. Akanoa kisu chake taratibu, akaniuliza, "Na wa kwako wa kanisani, Bethwel, una miaka mingapi?" Nikaitisha maini nusu kilo tukaacha hayo. Lakini alisema jambo moja lingine. Alisema yeye naye alikatwa akiwa mdogo, na akalia, na amekaa Litein maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwambia anyamaze kwenye baraza. Nikamwambia ni kwa sababu yeye ni Mnubi, hakuwa wa kuhesabiwa. Akasema, "Basi ndiyo hivyo. Wa kwenu anahesabiwa. Wewe unaona hilo ni matusi?"

Nikachukua maini yangu, yalikuwa tayari.

Kutoka hapo nikaenda kwa Jonah. Unamkumbuka, yule mwalimu wa menjo, ndiye aliyekufundisha wewe na akakuchapa kwa kiburi chako, na naona hakukuchapa vya kutosha. Wewe unajua mimi ninavyoongea na watu wagumu. Mimi ndiye niliyemkemea yule fahali wa mnada wa Mulot mpaka akakaa chini, na wenyewe wakanilipa soda nimkemee tena ainuke. Lakini Jonah hakemewi. Nilimweleza yote kuanzia simu. Alinisikiliza akichonga kijiti.

Nikauliza kama mtoto aliyekwisha kukatwa anaweza kuingia. Akasema kisu si kazi yake tena, siku hizi kisu ni cha daktari, na nusu ya watoto wanaingia menjo wakitoka hospitali. Kazi yake ni yanayofundishwa ndani na wale unaoingia nao. Nikauliza habari ya kilio. Nilikuwa nimejitayarisha kugombana hapo. Akasema kilio cha mtoto wa siku saba hakijui, hakuwahi kukihukumu na hataanza uzeeni. Nikauliza habari ya swala zake tano, kwa sababu jioni vijana huomba Kikristo mle ndani. Akasema atoke nje aombe ya kwake, nje ni kubwa.

Nikafurahi. Nikadhani nimeshinda. Ndipo akaacha kuchonga, akasema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Mtoto sina shida naye. Lakini baba yake anasema sisi ni wajinga. Nikimfundisha mtoto kumheshimu baba yake, nitakuwa nimemfundisha kutudharau. Nikimfundisha kutuheshimu, nitakuwa nimemtoa kwa baba yake. Niambie wewe mwenye maneno mengi, nimfundishe lipi?"

Aron, nikamwuliza basi anataka nini ndiyo ampokee.

Sharti lake ni hili. Vijana wanaingia Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Umlete mtoto mwenyewe, kwa mkono wako, usimtume na mtu wala na kondakta wa basi. Usimame mlangoni mbele ya baba wengine, na Ondieki atakuwepo maana ametoa unga, na uombe mwanao apokelewe. Wewe, fundi wa majokofu ya bandarini. Uombe kwa wajinga. Hutaulizwa dini. Kofia yako ivae. Ukiona huwezi, basi mtoto haingii, na kile kilio kitabaki kuwa jina lake hapa mpaka awe na wajukuu, na wewe ndiye utakayekuwa umemwachia.

Tena shemeji yako, ndugu ya Mwanakombo, atoe ruhusa. Yeye ndiye mjomba wa mtoto, na hapo hata mimi sina neno. Wajomba wa Kibet wametoka Keroka na kreti mbili za soda. Huyo wa Kisauni alete anachoweza, hata halua, tutaila.

Na usiniambie mtoto mwenyewe hataki. Umesahau kwamba alikunyang'anya ile simu? Alisema kwa hicho Kiswahili chake kitamu, "Babu Bethwel, wenzangu wanaingia lini?" Wenzangu. Sikumfundisha mimi neno hilo, na nina hakika si wewe. Kabla sijajibu, ulikuwa umemtoa kwenye simu na kurudi na mambo ya nuru. Hilo ndilo lililoniwasha kuliko yote. Mtoto anauliza njia ya kwao na baba yake anafunga mlango, halafu anasema ni Mungu amefunga.

Sasa mama yako. Siku ya tatu niliingia jikoni kwake nikiwa na hasira kwa niaba yake. Nilisema mengi juu yako, mengine siyaandiki kwa sababu Gesare ndiye atakayepeleka barua hii posta na anajua kusoma. Nilisema ulimwaibisha. Nilisema vile vibuyu amwage. Alikuwa anachochea moto, hakugeuka.

Akasema, "Kama alilia, alilia mbali na mimi. Hilo tu ndilo linaloniuma."

Halafu akaniambia niondoe miguu, anataka kufagia.

Kwa hiyo usidhani barua hii ni ya kukubembeleza. Yeye hajakasirika kama mimi, na mimi hasira zangu zinatosha kwa ukoo mzima. Sijakusamehe. Siku ya mazishi sijakusamehe, kibuyu ulichonusa sijakusamehe, na simu ya siku ya soko nitaibeba mpaka kaburini. Ukija bila mtoto, usipite kwangu, geti lina kufuli na mbwa hana dini. Lakini ukimleta, pita kwanza kwa mama yako. Usianze kumweleza habari za daktari, wala kitabu kinasema nini juu ya siku ya saba. Mpe mtoto, utoke nje ukae na ng'ombe. Hapo kama kuna atakayelia ni mama yako, na kama kuna mtu wa Litein atakayetaka kuhesabu, atanikuta mlangoni.

Nisalimie Mwanakombo, mwambie sina ugomvi naye zaidi ya ule niliokwisha kuutaja. Nisalimie shemeji yako. Gesare anakusalimu, na Kibet anamwambia Kiptum alete sweta mbili, huku si Kisauni. Jonah hakutuma salamu.

Mungu, ambaye wewe unamwita mara tano kwa siku na mimi namsumbua zaidi Jumapili, akushike njiani, usipate jambo lolote baya kabla ya lile ninalokuwekea mimi. Usinijibu kwa barua, wala kwa simu. Nitasoma jibu kwa kuhesabu mnashuka wangapi kwenye basi.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, ingawa si mwezi huu,

Bethwel arap Sigei